Mforsadi, Mtini na Miti Mingine ya Matunda kwa Viwanja vya Pwani

Kijitabu hiki ni cha mwenye kiwanja Kigamboni, Mkuranga, Bagamoyo, Tanga au Unguja, ambaye tayari ana mwembe na minazi na sasa anataka matunda mengine karibu na nyumba. Huku joto ni la mwaka mzima, na hata usiku wa Julai hauna baridi kali.

Kabla ya kununua mche wowote, uliza mti wenyewe umezoea hali gani ya hewa. Miche ya maepo, pichi na peasi huuzwa hata sehemu za joto kali, na mnunuzi husubiri miaka bila kuona ua. Miti hiyo hulala wakati wa baridi, na isipopata baridi ya kutosha machipukizi yake ya maua hayaamki vizuri. Epo aina ya Anna, iliyozalishwa Israel mahususi kwa nchi za joto, bado huhitaji saa zipatazo 200 au zaidi za baridi chini ya nyuzi 7. Lushoto na Njombe maepo hustawi. Dar es Salaam baridi hiyo haipo, na hakuna mbolea inayoweza kuileta.

Mforsadi na mtini haidai baridi. Ni ya ukoo mmoja na mfenesi na mshelisheli, ndiyo maana ukikata tawi lake unatoka utomvu mweupe.

Mforsadi

Huu ndio mti tunaompendekezea anayeanza. Chukua tawi lililokomaa, nene kama penseli, ulikate vipande vya sentimita 20 hadi 25, kisha uchomeke theluthi mbili ya kila kipande kwenye udongo wenye unyevu, kivulini. Masika yanapoanza unahamishia shambani. Mti uliotokana na kipandikizi huweza kuanza kuzaa mwaka wa kwanza au wa pili.

Wengi wanalalamika kuwa mforsadi wao ni majani matupu. Mara nyingi sababu ni kwamba haujapogolewa. Forsadi hutoka kwenye vichipukizi vipya vinavyochipua juu ya matawi ya zamani. Punguza ncha za matawi kwa theluthi moja, pukutisha majani yote yaliyobaki, kisha mwagilia. Mti utachipua upya ukiwa na matunda, na ndani ya miezi miwili au mitatu unaanza kuchuma. Ukitaka majani badala ya matunda, kata chini zaidi na ukate mara kwa mara. Majani hayo yana protini ya asilimia 15 hadi 25 ya uzito wake mkavu, na mbuzi na ng'ombe wa maziwa huyapenda sana. Ndiyo pia chakula cha viwavi wa hariri, na Kenya ina kituo cha utafiti wa ufugaji wa viwavi hao huko Thika.

Forsadi mbivu haivumilii safari. Hata kwenye jokofu hudumu siku mbili tatu tu, kwa hiyo panga mapema kama utauza jirani, utatengeneza jamu au utakausha. Panda mbali na kamba ya nguo na gari, maana doa lake ni gumu kutoka.

Mtini

Mtini unahitaji uangalizi zaidi, na kosa kubwa hufanyika siku ya kununua. Zipo aina, kama Smyrna, ambazo tunda lake haliivi bila kinyigu mdogo maalumu wa kulichavusha, na kinyigu huyo hatunaye. Tafuta aina zinazoiva zenyewe: Brown Turkey, Kadota au Black Mission. Usipande mbegu. Chukua kipandikizi kutoka kwenye mti ambao umeuona kwa macho yako ukizaa.

Adui mkubwa katika mchanga wetu ni minyoo fundo. Mti hunyauka saa za mchana ingawa udongo una maji, na ukifukua unakuta mizizi imejaa vinundu. Usipande mtini mahali palipokuwa na bamia, nyanya au biringanya, kwa kuwa mazao hayo huwalea minyoo hao. Changanya mboji nyingi kwenye shimo na weka matandazo yenye unene wa sentimita 10, bila kugusa shina. Penye minyoo tayari, panda kwenye pipa lililotobolewa chini, kwa udongo safi uliotoka kwingine.

Mvua hupasua tini mbivu na kuzichachusha. Tangu kupogoa hadi kuvuna hupita takriban miezi minne hadi mitano, hivyo anayetaka kuchuma Agosti apogoe mwishoni mwa Machi. Chuma tini iliyolainika na kuinamisha shingo. Ikichumwa mbichi haitaivia kabatini. Vaa glavu au osha mikono mara moja, kwa sababu utomvu wake ukikaa kwenye ngozi iliyopigwa jua huunguza.

Mkomamanga na mkunazi hustahimili ukame kuliko mforsadi na mtini, na mkunazi huvumilia hata udongo duni. Wenye maji ya shida waanze na hiyo.

Shimo na usafi wa shamba

Chimba sentimita 60 kwa 60, kina 60. Tenga udongo wa juu, uchanganye na debe moja au mawili ya samadi iliyooza vizuri, kisha rudisha mchanganyiko huo shimoni. Acha mita nne hadi tano kati ya mti na mti, na zaidi ya hapo kutoka kwenye shimo la choo, kwa sababu mizizi ya mtini hufuata maji.

Nzi wa matunda kutoka Asia, aliyegunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003, hashambulii maembe na mapera peke yake. Hutaga pia kwenye tini. Funika matunda yanayokaribia kuiva kwa vifuko vya karatasi. Yaliyoanguka yaokote kila siku, uyafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani hadi mabuu yafe. Zungumza na majirani nao wafanye hivyo msimu mzima, kwani nzi wa shamba lisilosafishwa ndio watakaoharibu matunda yako.