Kimo cha Mtoto, Homoni ya Ukuaji na Sukari ya Damu

Mtoto aliye mfupi kuliko wenzake si lazima awe mgonjwa. Wapo waliorithi kimo cha wazazi, na wapo wanaochelewa kubalehe kisha wakawafikia wenzao. Hapa nchini wengi hukwamishwa na udumavu utokanao na lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Hao huhitaji chakula bora na tiba ya maradhi yao, si sindano za homoni.

Wachache, hata hivyo, wana kasoro katika tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na yenye ukubwa wa punje ya njegere. Tezi hiyo hutoa homoni ya ukuaji, hasa mtoto awapo katika usingizi mzito, nayo huchochea gegedu zilizo karibu na ncha za mifupa mirefu.

Kazi yake haiishii mifupani. Homoni hiyo huyeyusha mafuta ili yatumike kuwa nguvu, hujenga misuli, na huzuia sukari ya damu isishuke mno mtoto anapokaa bila kula. Ndiyo maana aliyeikosa huweza kuwa mfupi na wakati huohuo mnene wa tumbo, wazazi wakadhani ameshiba vyema. Kwa mtoto mchanga hatari ni kubwa zaidi: sukari ikishuka, hulegea, hutetemeka, au hupatwa na degedege. Degedege la namna hiyo haliondolewi kwa mafusho wala hirizi. Mtoto apelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa ubongo uliokosa sukari hudhurika.

Tiba ni sindano ya chini ya ngozi, kwa kawaida kila jioni, kwa miaka kadhaa. Hadi mwaka 1985 homoni hiyo ilitolewa katika tezi za maiti, ikasitishwa baada ya baadhi ya waliotibiwa kupata ugonjwa wa ubongo usiopona. Sasa hutengenezwa maabara. Kwa kuwa hupunguza nguvu ya insulini, daktari hufuatilia sukari ya damu muda wote wa tiba. Gharama yake ni kubwa, na baada ya balehe, gegedu zikishafunga, haiongezi kimo tena.

Sharubati na vidonge vya “kurefusha” vinavyonadiwa mitaani havichukui nafasi yake. Homoni ya ukuaji ni protini. Ikimezwa, humeng’enywa tumboni kama kipande cha nyama.

Kuanzia miaka minne hadi kabla ya kubalehe, mtoto huongezeka takriban sentimeta 5 hadi 6 kwa mwaka. Mzazi amsimamishe ukutani bila viatu, aweke alama ya penseli na tarehe, kisha arudie baada ya mwaka. Ongezeko likiwa chini ya sentimeta 4, ampeleke kituo cha afya pamoja na kadi yake ya kliniki, ili apimwe na kupewa rufaa ikibidi.