Jiwe la kabaidi, pipa la maji na maswali ya kemia

Mwanafunzi aliyekariri majina ya aina za mmenyuko hukwama swali likigeuzwa kidogo tu. Nimeliona hilo sana kwenye tuisheni, ndiyo maana siku hizi namwelekeza kwanza Gerezani, jirani na Kariakoo, kwa mafundi wa kuchomelea wanaojitengenezea gesi kwa kabaidi na maji. Asimame mbali kidogo. Gesi hiyo hulipuka.

Jiwe hilo la kijivu likigusa maji hufoka povu na kutoa asetilini. Ile harufu inayochoma pua si ya asetilini yenyewe. Inatokana na uchafu uliomo kwenye kabaidi, hasa fosfini.

CaC₂ + 2H₂O → C₂H₂ + Ca(OH)₂

Ni aina gani? Wengi hukimbilia kusema muungano, kwa kuwa vitu viwili vimekutana. Lakini muungano huzaa kitu kimoja, na hapa kulia vimetoka viwili. Kalsiamu imeiacha kaboni na kwenda kwa haidroksidi. Kaboni nayo imechukuliwa na haidrojeni. Kila upande umebadili mwenzi: ubadilishano maradufu.

Fundi akiwasha, habari ni nyingine. Asetilini inaungua ndani ya oksijeni ya mtungi kwa mwali unaopita nyuzi 3,000 za Selsiasi:

2C₂H₂ + 5O₂ → 4CO₂ + 2H₂O

Huo ni mwako. Katika kuusawazisha, anza na kaboni, fuata haidrojeni, oksijeni iwe ya mwisho. Ikibaki nusu, zidisha mlinganyo wote kwa 2.

Uji mweupe unaobaki pipani ni chokaa. Ukikaa wazi hunyonya kaboni dioksaidi ya hewani na kuwa kabonati, CaCO₃, kemikali ileile iliyomo kwenye mawe yanayochomwa kiwanda cha saruji cha Wazo Hill. Tanuri huitenganisha kuwa CaO na CO₂. Kimoja kimezaa viwili: mtengano.

Ubadilishano wa kawaida hauonekani pipani, ila msumari na maji ya mrututu vinatosha. Chuma huifukuza shaba, na msumari hutoka umevaa wekundu.

Sasa hesabu. Fundi ametia gramu 640 za kabaidi safi. Atapata asetilini kiasi gani? Kalsiamu ni 40 na kaboni mbili ni 24, kwa hiyo moli moja ina gramu 64, naye ana moli 10. Mlinganyo unatoa moli moja kwa moja: asetilini moli 10, kila moja gramu 26, jumla gramu 260. Jihakiki kila mara, hatua ambayo wanafunzi huiruka kuliko zote: kabaidi 640 na maji 360 ni 1,000; asetilini 260 na chokaa 740 ni 1,000.

Kabaidi ya dukani haina usafi huo. Ikiwa asilimia 80 tu ndiyo kabaidi halisi, punguza kabla ya kugawa: gramu 512, moli 8, asetilini gramu 208.