Kujitolea Malawi, Wikiendi Barabarani: Vidokezo kwa Muuguzi Kijana

Ukitaja kujitolea kwenye zahanati ya kijijini ng'ambo, wengi humfikiria Mzungu mwenye kofia pana. Lakini muuguzi wa Mbeya anaweza kunywa chai kwao asubuhi, akavuka mto Songwe pale Kasumulu mchana, na jioni akawa Karonga. Kaskazini mwa Malawi kuna vituo vya afya ambako mkunga mmoja au wawili ndio hubeba kazi yote, usiku na mchana. Kuna pia ziwa, milima na barabara za kumfurahisha yeyote apendaye kutembea. Kama umemaliza chuo, leseni unayo na miezi michache iko wazi mbele yako, soma haya kabla hujaaga nyumbani.

1. Leseni kwanza, tiketi baadaye

Leseni ya Tanzania au Kenya haikuruhusu kugusa mgonjwa Malawi. Wauguzi na wakunga husajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga la huko. Matabibu na madaktari wana baraza lao. Omba usajili wa muda kupitia kituo kinachokupokea, tena miezi kadhaa kabla, maana hata barua ya uthibitisho kutoka baraza la kwenu itakusumbua. Uhamiaji nao ni vivyo hivyo: kuingia kama mtalii ni jambo moja, kufanya kazi hata isiyo na mshahara ni jambo jingine. Mwenyeji akikwambia njoo tu, tutayamaliza huku, mwombe ayamalize kwanza.

2. Uliza kabla ya kufunga sanduku

Dawa ulizokusanya kwa marafiki zinaweza kuwa mzigo kwa kituo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada zifike zikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya muda wake kuisha, ziwe zimeombwa, na ziwe kwenye orodha ya dawa muhimu za nchi inayopokea. Sanduku lisilotimiza hayo humpa mfamasia kazi ya kuziteketeza.

Mpigie simu msimamizi wa kituo umuulize anakosa nini. Huenda akakutajia glavu, mashine ya presha, au tochi ya kichwani ya kuchaji, kwa sababu umeme hukatika na mtoto anazaliwa gizani hivyo hivyo. Ukinunua kifaa cha umeme, soketi zao ni za pini tatu kama zetu. Kumbuka pia kwamba Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44, na kila kinachotoka nje kikapanda bei, vifaa vya hospitali vikiwemo. Kifaa kidogo kilichoombwa kina maana kubwa.

3. Jumamosi ina mwenyewe

Ningeambiwa nifute vidokezo vyote nibakize kimoja, ningebakiza hiki.

Wageni wengi hupanga wikiendi zao kana kwamba kituo hufungwa Ijumaa jioni. Uchungu wa kujifungua hauna Ijumaa. Kwenye vituo vya vijijini wahudumu huishi kwenye nyumba za pale pale, na mkunga aliyemaliza zamu hugongewa mlango saa nane usiku, akaamka, akajifunga chitenje, kitenge chao, akaenda. Watoto wake wakubwa pengine wanasoma Mzuzu au Rumphi, na mwezi unaweza kuisha hajawaona. Sasa anakuja mgeni, anafanya kazi kwa bidii kuanzia Jumatatu, na kila Ijumaa alasiri anaonekana getini na begi akielekea ziwani. Hakuna atakayemkemea. Watamtakia safari njema, na wataimaanisha. Lakini kitu ambacho kituo kile hakina, na ambacho yeye alikuwa na uwezo wa kukitoa, ni mapumziko ya mtu aliyechoka.

Kwa hiyo, wikiendi za mwanzo usiende popote. Jifunze dawa zinakaa wapi, ujue gari la wagonjwa la wilaya huitwaje na huchukua muda gani kufika. Ukishazoea, kaa na msimamizi na rosta ya zamu mgawane: wikiendi hii yako, ijayo ya mkunga. Yake ikifika, unabaki wewe pamoja na mhudumu mwingine aliyesajiliwa, na yeye anapanda minibasi kwenda kuwaona wanawe. Sisitiza hilo la mhudumu mwingine. Usikubali kuachwa peke yako na leba ili uonekane jasiri. Kama kituo hakina mtu wa pili, badala ya zamu ya usiku chukua kliniki ya watoto, kuandika ripoti ya mwezi, kuhesabu stoo, chochote kitakachomwezesha kulala saa chache.

Ukifanya hivyo, safari zako mwenyewe zitakuwa tamu zaidi, na utakaporudi Jumapili watakuuliza habari za safari kwa moyo mweupe.

4. Usichoruhusiwa kwenu, usikifanye kwao

Mwaka 2019 akina mama wawili wa Uganda walifungua kesi Mahakama Kuu ya Jinja dhidi ya Mmarekani aliyekuwa ameendesha kituo cha watoto wenye utapiamlo. Walidai kwamba alikuwa akitoa matibabu ilhali hakusomea udaktari. Kesi iliisha mwaka 2020 kwa makubaliano, bila yeye kukiri kosa. Kila anayejitolea kwenye afya anapaswa kuijua habari hiyo.

Usidhani inawahusu Wazungu tu. Kijijini, mtu aliyetoka nchi nyingine akiwa na sare nyeupe ataitwa daktari kabla hajafungua mdomo. Sema wewe ni nani: mimi ni muuguzi, mimi ni tabibu msaidizi, mimi bado ni mwanafunzi. Kama hujawahi kutoa kondo lililokwama ukiwa chini ya jicho la mkunga mzoefu, usijifunzie kwa mama wa wilaya ya Chitipa.

5. Kiswahili kitakufikisha Karonga, mbele yake jifunze

Karonga mjini wafanyabiashara wengi wanakijua Kiswahili, na Mnyakyusa atasikilizana vizuri na Wangonde, maana lugha zao ni za ndugu. Ukishuka kuelekea Rumphi na Mzuzu, ni Kitumbuka. Jifunze "monile" ya kusalimia na "yewo" ya kushukuru, halafu haraka sana maswali ya kazi: wapi panauma, tangu lini, mtoto ananyonya, umekula. Chichewa itakusaidia nchi nzima, ila mgonjwa mzee wa kaskazini humfungukia anayejaribu lugha yake. Kwenye mambo mazito, kama ridhaa ya upasuaji au majibu ya kipimo cha Virusi vya UKIMWI, usibahatishe kwa maneno yanayofanana na ya kwetu. Tafuta mhudumu atafsiri.

Kuna jambo la historia pia. Waswahili walifika pwani ya ziwa hili zamani, na wengi wao hawakuja kwa wema. Nkhotakota, chini ya watawala walioitwa Jumbe, ilikuwa bandari ya kuvushia watumwa waliopelekwa Kilwa. Kule Karonga, mfanyabiashara Mlozi aliwatesa Wangonde hadi Waingereza walipomkamata na kumnyonga Desemba 1895. Sikushauri uinamishe kichwa kwa aibu. Nakushauri uijue habari hiyo kabla ya kupita huko, ili mtu akikutajia usiibishie. Na ziwa lenyewe, wewe uliyezoea kuliita Nyasa, kwao ni Ziwa Malawi. Suala la mpaka wa nchi zetu ziwani waachie wanadiplomasia.

6. Nenda kujifunza

Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu sisi majirani tuna tabia ya kufika tukiwa na majibu. Mwaka 2011 Malawi ilianza kumpa kila mjamzito mwenye Virusi vya UKIMWI dawa za maisha yake yote bila kusubiri kipimo cha kinga, na baadaye nchi nyingi zikafuata njia hiyo. Aprili 2019 ikawa ya kwanza kuanza kutoa chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto katika mpango wa majaribio uliozihusisha pia Ghana na Kenya.

Wanaoibeba kazi hiyo vijijini ni wahudumu wanaoitwa HSA. Wanapanda baiskeli na boksi la chanjo, wanajua nyumba ipi ina mtoto aliyekosa dozi na kisima kipi kimechafuka. Omba kuzunguka nao siku nzima mapema iwezekanavyo. Mgonjwa naye hutunza daftari lake dogo, pasipoti ya afya, ambalo kila mhudumu huandika humo. Andika kwa mwandiko unaosomeka, maana mwenzako wa kituo kingine hana rekodi nyingine. Kila aliyelazwa huja na ndugu wa kumpikia na kumwogesha. Mweleze huyo dozi, kwa kuwa ndiye atakayeisimamia.

Jua pia kituo chako ni cha nani. Vya serikali havitozi, lakini vingi vya makanisa, vilivyo chini ya umoja uitwao CHAM, hutoza kwa baadhi ya huduma. Kumwambia mama "nenda tu pale" bila kujua hilo ni kumpeleka kwenye gharama asiyoimudu.

7. Simu ibaki mfukoni

Hakuna picha ya mgonjwa kwenye status ya WhatsApp, hata ukimfunika uso na hata kama mama mwenyewe alitabasamu. Mtu anayekutegemea umtibu mwanawe hana nafasi ya kukukatalia.

8. Wikiendi yako: Livingstonia, Nyika, na ziwa

Kwa safari yako ya kwanza nakupendekezea Livingstonia. Unashuka Chitimba, kando ya ziwa, kisha unapanda mlima kwa barabara ya vumbi yenye kona kali takriban ishirini. Anayeweza kutembea atembee, akiwa na mwenzake na maji ya kutosha, aanze alfajiri. Juu kuna mji mdogo ulioanzishwa na wamisionari wa Kiskoti chini ya Dokta Robert Laws mwaka 1894, baada ya malaria kuwaua wengi wao pwani ya ziwa. Walipanda mlima kuwakimbia mbu, hata kama sayansi ya mbu ilikuwa bado. Hospitali yao ingali inahudumia watu, na kwa muuguzi kuizungukia ni ziara yenye maana. Maporomoko ya Manchewe yako jirani.

Nyika ni uwanda ulio juu ya mita 2,000, majani matupu na vilima laini, punda milia na swala aina ya korongo wakila majani. Baridi yake si ya mchezo. Juni na Julai huanguka sakitu. Mtu wa Makete ataielewa, wa Tanga abebe koti. Usiende bila usafiri wa uhakika, na masika barabara hugeuka tope.

Nkhata Bay ni ya kupumzika: samaki, maji ya buluu, na kondowole, ugali wa muhogo unaonata vizuri na usipa, dagaa wao. Likoma usiiweke kwenye wikiendi. Kisiwa kile kiko karibu na pwani ya Msumbiji, na meli kongwe ya Ilala haifuati ratiba yako. Ulizia kwanza kama iko kazini. Kitunze kwa mwisho wa kipindi chako. Utaliona kanisa kuu la Mtakatifu Petro, lililoanza kujengwa 1903 na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, wale wale waliojenga Mkunazini, Zanzibar, palipokuwa soko la watumwa. Mlima Mulanje nao uko kusini kabisa, wa kuuendea ukishamaliza kazi.

Mavazi: dada, chitenje kitakufaa kijijini kuliko suruali. Sheria iliyowakataza wanawake suruali tangu 1973 iliondolewa miaka ya 1990, na mjini hakuna anayejali, lakini vijijini wazee bado hugeuza shingo.

9. Jumapili, saa sita mchana uwe njiani

Minibasi huondoka ikijaa, na Jumapili alasiri huchelewa kujaa. Petroli nayo huadimika mara kwa mara, na dereva aliyekuahidi anaweza kuwa kwenye foleni ya sheli. Ukichelewa, kuna mtu anakesha zamu yako ya Jumatatu alfajiri. Epuka barabara ya usiku kabisa. Malori yaliyoharibika huachwa njiani bila taa. Tembea na kwacha taslimu, na ufungue akaunti ya Airtel Money au Mpamba ukishapata laini. Fedha badilisha benki, hata kama wa mtaani anakupa zaidi.

10. Mbu na konokono

Mtoto wa Nairobi au wa nyanda za juu hana kinga ya malaria kwa sababu tu ni Mwafrika. Chukua dawa za kinga kwa ushauri wa daktari, lala kwenye chandarua hata usiku wa baridi, na homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo. Hakikisha una kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, hasa ukitokea Kenya.

Ziwa Malawi lina kichocho, kinachoenezwa na konokono. Hatari ni kubwa zaidi kwenye maji yaliyotulia karibu na matete na vijiji, na hakuna ufukwe wa kuuamini kabisa. Wengi watakwambia waliogelea wasipate kitu. Kichocho hukaa kimya muda mrefu. Kama uliingia majini, usinywe praziquantel siku ya pili yake, kwa kuwa dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, na wachanga huponyoka. Subiri wiki sita hadi nane tangu mara ya mwisho kuingia ziwani, upime, kisha unywe. Utakuwa umesharudi nyumbani wakati huo, kwa hiyo andika tarehe kwenye simu kabla hujaondoka, na ukiugua homa miezi inayofuata, mwambie anayekutibu kwamba ulikuwa Malawi.