Malaria ya Ubongo katika Milima ya Gusii

Swali: Kwa nini katika kaunti za Kisii na Nyamira, kwenye milima ya Gusii nchini Kenya, malaria humzimisha hata mtu mzima?

Jibu: Vimelea vya Plasmodium falciparum huzifanya chembe nyekundu za damu zinate kwenye kuta za mishipa myembamba ya ubongo, damu ikapita kwa shida, na mgonjwa akaweweseka, akapata degedege au akapoteza fahamu, hali hiyo ndiyo malaria ya ubongo. Kandokando ya Ziwa Victoria, ambako maambukizi hayakatiki mwaka mzima, mtu mzima huwa amejijengea kinga kiasi, ilhali katika milima ya Gusii baridi huchelewesha kukomaa kwa vimelea ndani ya mbu, maambukizi yakapungua na kinga hiyo ikawa haba, na ndiyo maana mlipuko wa malaria, kama uliotokea huko mwaka wa 2002, huwapata wakubwa kwa wadogo. Kwa kuwa dalili hufanana na za homa ya uti wa mgongo, yaani uvimbe wa tando zinazoufunika ubongo, daktari hupima damu na, inapokuwa salama kufanya hivyo, maji ya uti wa mgongo. Tiba ni sindano ya artesuneti, pamoja na kuangalia sukari ya damu, ambayo ikishuka huua. Mgonjwa wa namna hii hangojewi mpaka kukuche.