Kabla Hujatia Sahihi Fomu ya Jaribio la Dawa

Ukiombwa kushiriki jaribio la dawa au chanjo, nauli utakayorudishiwa iwe swali la mwisho. Omba fomu ya ridhaa ya Kiswahili uende nayo nyumbani. Anayekushikilia usaini leo leo, muage. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiyeajiriwa na watafiti.

Tazama vibali. Tanzania Bara, jaribio la dawa huhitaji kibali cha maadili cha taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, na idhini ya mamlaka ya dawa, TMDA. Fomu iwe na namba ya simu ya mtafiti na ya kamati ya maadili. Hii ya pili wengi huipuuza, nayo ndiyo utakayoihitaji siku unayemlalamikia ni mtafiti mwenyewe. Iandike kwenye simu yako, na ndugu yako mmoja awe nayo.

Kisha uliza: nje ya watafiti, nani anakagua matokeo wakati jaribio likiendelea? Mara nyingi mshiriki na daktari wake hawajui nani kapewa dawa na nani kidonge kisicho na dawa. Majaribio makubwa huwa na kamati huru ya madaktari na wanatakwimu inayoweza kuona pande zote mbili na kushauri kazi isimame. Si madhara pekee yanayoisimamisha. Desemba 2006, majaribio ya tohara ya Kisumu, Kenya, na Rakai, Uganda, yalikatishwa mapema kwa sababu tohara ilionekana kupunguza maambukizi ya VVU kwa wanaume kwa takriban nusu. Waliokuwa wakisubiri nao wakapewa nafasi ya kutahiriwa. Mwaka 2023, chanjo za VVU za jaribio la PrEPVacc, lililofanyika pia Mbeya na Dar es Salaam, zilisitishwa kwa kuwa hazikuwa na dalili ya kufaa.

Ukishaingia, sema kila kitu, dawa za miti shamba zikiwemo. Ukilazwa, hata kwa ajali ya bodaboda, watafiti wajulishwe upesi. Kizunguzungu kinaweza kuwa ndicho kilichokuangusha, na kuamua kama chanzo ni dawa si kazi yako. Nani atalipia matibabu ukidhurika? Jibu liwe limeandikwa kwenye fomu. Ahadi ya mdomo usiipokee.

Una haki ya kujitoa bila kutoa sababu na bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Lakini usiache vidonge kimya kimya. Waambie, upimwe mara ya mwisho, maana zipo dawa za kupunguzwa kidogo kidogo.