Kuweweseka Baada ya Upasuaji

Wanachama wenzangu, hebu tulitazame neno "kuweweseka". Wengi tunalijua kwa mtu anayesema usingizini. Lakini hata wodini lipo, na huko si la mchezo.

Tuseme nyanya ameteleza huku Kitengela, akavunjika nyonga, akapasuliwa Kajiado. Siku ya pili anamwita mjukuu kwa jina la marehemu dada yake, anang'oa dripu, anasema eti ng'ombe wameingia wodini. Majirani wananong'ona: amerogwa! La hasha. Ni ubongo wa mzee uliolemewa na dawa, maumivu, homa ya mapafu, ugonjwa wa mkojo, au kukosa maji na usingizi. Hali hii huanza ghafla, tena hupanda na kushuka: asubuhi yu mzima, jioni hakutambui. Ugonjwa wa usahaulifu huja polepole, kwa miaka.

Apigaye kelele ana nafuu, maana ataonekana. Wa kuhofiwa zaidi ni aliyenyamaza. Anasinzia, hajibu, uji haugusi, na jamaa husema, "Mwacheni apumzike." Kumbe naye anaweweseka kimyakimya, na huenda ugonjwa mwingine unamla ndani.

Ndiyo maana wazee hupimwa kwa maswali. Kipimo kinachotumika sana ni 4AT, kilichotolewa mwaka 2011 na madaktari wa Edinburgh, Uskochi, wakiongozwa na Alasdair MacLullich. Huchukua kama dakika 2. Kwanza, je, mgonjwa yu macho sawasawa? Pili, ataje umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka huu. Tatu, ataje miezi kinyumenyume kuanzia Desemba. Nne, je, amebadilika ghafla? Akipata alama 4 au zaidi, huenda anaweweseka na daktari amchunguze upesi.

Sasa mpe maswali hayo mzee wa rika la Iseuri, aliyekuwa morani miaka ya 1960. Umri wake anauhesabu kwa rika, na tarehe ya kuzaliwa hakuna aliyeiandika. Hapo anaandikiwa alama 2. Miezi ya Kizungu hakufundishwa. Alama 1 tena. Tayari ana 3 na anaonekana ana upungufu wa akili, ilhali anakumbuka kila ng'ombe aliyemtoa mahari! Na akisema "mwezi wa kumi na mbili, wa kumi na moja, wa kumi", huko ni kuhesabu kinyumenyume tu, jambo rahisi kuliko kutaja majina. Siku za juma nazo zina ujanja huohuo: Jumatano, Jumanne, Jumatatu.

Swali la nne halina shida hiyo, nalo peke yake lina alama 4. Lakini muuguzi aliyeingia zamu leo hakumwona mzee juzi, wewe ulimwona. Basi usimwambie, "Sista, ni uzee tu." Sema: "Jana mchana alinisimulia habari za nyumbani. Tangu jioni hajui yuko wapi."

Akisema ng'ombe wameingia, msibishane naye. Mwambie kwa upole wewe ni nani na yuko wapi. Mchana pazia lifunguliwe, usiku taa zipunguzwe alale. Na miwani yake msiiache nyumbani kwa kuogopa itapotea wodini, kwani mzee asiyeona vizuri huchanganyikiwa upesi zaidi.