Mwendo na Udhibiti Wake: Somo Kutoka Korona ya Mkonge

Mkonge uliletwa katika nchi yetu mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, na mashamba yake yakaenea Tanga. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi. Kazi ya korona ni kuondoa kilichobaki.

Ndani ya korona majani hubanwa na kupelekwa polepole mbele ya ngoma yenye vile butu, izungukayo kwa kasi. Ngoma ya kwanza hukwangua sehemu moja ya jani. Kisha jani hushikwa upande uliokwisha kukwanguliwa, na ngoma ya pili humaliza. Basi zahitajika kasi mbili tofauti. Zapatikanaje?

Tuchukue mfano. Mota yazunguka mara 900 kwa dakika, na gurudumu lake la mkanda lina kipenyo cha sentimita 20. Gurudumu la ngoma likiwa na sentimita 60, ngoma itazunguka mara 300. Ikiwa kipenyo cha ngoma ni mita 1.5, ukingo wake utakwenda mita 23.6 hivi kwa sekunde. Kwa upande wa kipelekeo, gia ya meno 15 ikiizungusha ya meno 60, kasi hupungua mara 4. Jozi mbili za namna hiyo huipunguza mara 16, na nguvu ya kuzungusha huongezeka.

Jani likipita haraka mno, nyama yake hubaki katika nyuzi. Kwa hiyo jambo la kudhibiti ni uwiano wa kasi hizo mbili. Mota moja ikiendesha vyote kwa gia, uwiano haubadiliki hata mota ikilemewa. Kila kimoja kikiwa na mota yake, kihisio huhesabu mizunguko, na kompyuta hulinganisha na kusahihisha.

Tukumbuke pia kwamba nishati ya ngoma hutegemea kipeo cha pili cha kasi. Umeme ukikatwa, ngoma nzito huendelea kuzunguka, nayo yaweza kukata mkono. Kwa sababu hiyo breki na kifuniko ni sehemu za mashine yenyewe, wala si mapambo.

Zoezi: Pindua baiskeli, magurudumu yatazame juu. Hesabu meno ya mbele na ya nyuma, kisha kadiria gurudumu litazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa pedali. Hakikisha kwa kujaribu. Halafu simamisha pedali ghafla. Je, gurudumu limesimama? Eleza sababu.